AFYA YAKO: Fundi, Puliza Rangi Ing'ae, na Mapafu Yako Yabaki Mazima

Puge ni mahali katika wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora. Ipo kwenye barabara itokayo Tabora kwenda Nzega. Zamani nchi hii ya Unyamwezi ilikuwa nchi ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani. Walitembea kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, pwani. Kazi ile ilitaka miguu yenye nguvu na mapafu mazima. Leo mizigo inabebwa na malori. Lakini mapafu mazima bado yanatakiwa. Fundi anayahitaji kama mpagazi alivyoyahitaji.

Misitu ya mkoa wa Tabora ina miti mizuri ya mbao, kama mninga na mkurungu. Seremala hutengeneza vitanda, milango, makabati na viti. Mnunuzi wa siku hizi anataka kitanda king'ae kama kioo. Kwa hiyo mafundi wengi wameweka brashi kando. Wanapuliza rangi na vanishi kwa mashine ya upepo. Wengine hupuliza baiskeli na pikipiki kwa makopo ya rangi ya kupuliza.

Kazi hii ina fedha. Pia ina sumu. Leo tutaeleza mambo mawili: jinsi ya kulinda afya, na jinsi ya kupata mng'ao usio na kasoro. Mambo haya mawili hayagombani. Hewa safi, usafi na subira hulinda mapafu. Hivyo hivyo ndivyo vinavyofanya rangi ing'ae.

BOMBA LILITOKA KWA DAKTARI

Bomba la kupulizia rangi lina historia ya ajabu kidogo. Huko Marekani, katika mji wa Toledo, alikuwako daktari aliyeitwa Allen DeVilbiss. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alitengeneza kifaa kidogo cha kupuliza dawa kooni mwa wagonjwa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1900, mwanawe Thomas alikitumia kifaa cha namna hiyo kupulizia rangi.

Fikiri jambo hilo. Daktari alitaka dawa igeuke kuwa ukungu mwembamba, ili ifike ndani kabisa ya koo. Bomba la rangi linafanya kazi ile ile. Linageuza rangi kuwa ukungu mwembamba. Ukungu huo nao unafika ndani ya koo na mapafu. Tofauti ni kwamba ule wa daktari ulikuwa dawa, na huu ni sumu.

NDANI YA KOPO MNA NINI?

Rangi ina vitu vitatu vikubwa. Kwanza, unga wa rangi. Huu ndio unaoleta wekundu, weusi au manjano. Pili, gundi. Hii hushika unga ule na kuubandika kwenye mbao au chuma. Tatu, kiyeyushi. Hiki hufanya rangi iwe nyepesi. Mafundi huongeza thina ili rangi ipite kwenye bomba.

Rangi ikikauka, thina haibaki kwenye kitanda. Inaruka hewani. Harufu kali unayoisikia ndiyo thina yenyewe. Ukiisikia harufu, basi imekwisha ingia puani mwako.

SUMU HUINGIAJE MWILINI?

Huingia kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni pua na mdomo. Fundi anavuta mvuke wa thina na ukungu wa rangi. Njia ya pili ni ngozi. Fundi anayenawa mikono kwa thina au petroli anaipitisha sumu katika ngozi yake. Njia ya tatu ni tumbo. Fundi anakula mhogo au kuvuta sigara kwa mikono yenye rangi.

Dalili za mwanzo ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha, koo kukauka, na kujisikia kama mlevi. Wengine hudhani ni uchovu au malaria. Dalili hizi zikikujia wakati wa kupuliza, kisha zikapungua ukitoka nje, usidhani ni uchovu tu. Ni thina. Lakini ukiwa na homa, nenda ukapime malaria.

Madhara ya miaka mingi ni makubwa zaidi. Mvuke wa thina unaweza kudhoofisha ubongo, ini na figo. Mtu husahau ovyo, hukasirika upesi, na mikono hutetemeka. Mwaka 1989 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba kazi ya kupaka rangi inaweza kuleta saratani. Wakarudia uchunguzi huo baadaye, na uamuzi wao haukubadilika.

Vumbi la msasa nalo si la kuchezea. Vumbi la mbao ngumu, likivutwa miaka mingi, linaweza kuleta saratani ya pua. Pia huleta kikohozi na pumu.

MAZIWA HAYAOSHI MAPAFU

Sasa tuzungumze juu ya maziwa. Katika karakana nyingi mazungumzo ni kama haya:

"Shikamoo mzee. Leo kifua kinanibana."

"Marahaba mwanangu. Kanywe maziwa nusu lita. Yatakata sumu."

"Nimekunywa jana, mzee. Na juzi pia."

Huyu mzee anampenda kijana wake. Hana nia mbaya. Lakini dawa yake si dawa. Maziwa hupita njia ya chakula, yakaingia tumboni. Ukungu wa rangi hupita njia ya hewa, ukaingia mapafuni. Hizi ni njia mbili tofauti. Hata ukinywa ndoo nzima, tone moja halitafika mapafuni kuosha rangi.

Maziwa ni chakula kizuri. Kunywa ili mwili upate nguvu. Lakini usiyafanye kinga. Hatari ya imani hii ni kwamba fundi akishakunywa maziwa hujiona amelindwa, akaacha kufunga barakoa. Fedha ya maziwa ya wiki chache inaweza kusaidia kununua barakoa ya kweli.

BARAKOA IPI INAFAA?

Zipo kinga za namna tatu. Usizichanganye.

Ya kwanza ni kitambaa au leso. Hii huzuia matone makubwa tu. Mvuke wa thina hupita kama moshi upitavyo kwenye paa la nyasi. Kuilowesha maji hakusaidii.

Ya pili ni barakoa ya vumbi. Hii inafaa wakati wa kupiga msasa. Haifai kwa mvuke wa thina.

Ya tatu ni barakoa ya mpira yenye vichujio viwili pembeni. Ndani ya vichujio mna mkaa maalumu unaonasa mvuke. Mbele yake huwekwa kichujio cha kunasa matone ya rangi. Hii ndiyo ya kupulizia rangi ya kawaida na vanishi.

Barakoa hii lazima ibane uso. Ndevu nyingi huacha nafasi, na mvuke ukapita. Ukianza kusikia harufu ya rangi ndani yake, kichujio kimekwisha. Nunua kingine. Kazi ikiisha, usiitundike ukutani karakanani. Itaendelea kunasa mvuke mchana na usiku. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki au kopo lenye kifuniko.

Kuna rangi moja ya hatari zaidi. Ni rangi ya magari inayochanganywa makopo mawili: rangi, na dawa ya kuifanya ikauke iwe ngumu. Katika nyingi za dawa hizo mna kemikali inayoweza kuleta pumu kali. Mtu akishapata pumu hiyo, hata kiasi kidogo tu kinaweza kumbana kifua. Fundi wa mjini aliyefunzwa huipuliza ndani ya chumba maalumu, huku akivuta hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje. Kama huna vyombo hivyo, usiipulize.

MAHALI PA KAZI, NA HATARI YA MOTO

Usipulize ndani ya chumba unamolala, wala karibu na jiko. Banda zuri lina paa na lina pande mbili zilizo wazi zinazotazamana. Upepo uingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Wewe simama upande unakotoka upepo, ili ukungu uende mbali nawe. Angalia pia unakokwenda. Usiupeleke penye watoto, kisima, au chakula kilichoanikwa. Mama mjamzito asikae karibu na kazi hii.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini na kutambaa sakafuni kama maji. Unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo mbali kidogo, ukashika moto, na moto ukarudi mpaka kwenye kopo. Kwa hiyo usiweke jiko, kibatari wala sigara karibu. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu. Usizime moto wa thina kwa maji. Maji huusambaza.

Kama mashine yako inaendeshwa na jenereta, iweke nje, mbali na mlango na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Inaua kimya kimya. Vijana nao wasipulizane upepo wa mashine mwilini kwa mzaha au kuondoa vumbi. Upepo ule unaweza kutoboa ngoma ya sikio na kuumiza jicho.

JIFUNZE KUSOMA KOPO

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma. Hapa ndipo kusoma kunapookoa maisha. Makopo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, lakini yana picha ndani ya mraba uliosimama kwa pembe, wenye ukingo mwekundu. Picha hizo ni sawa duniani kote. Picha ya moto maana yake kitu hiki huwaka upesi. Picha ya kifua cha mtu chenye kama nyota maana yake kinaharibu mwili polepole, hata kwa miaka. Picha ya fuvu maana yake ni sumu iuayo upesi. Alama ya mshangao maana yake kinawasha macho au ngozi, au kinaleta usingizi.

HATUA ZA KUPATA MNG'AO

Fundi hodari anajua kwamba mng'ao hautoki kwenye bomba. Unatoka kwenye msasa. Rangi ni kama shuka jembamba. Ukilitandika juu ya mawe, mawe yataonekana. Fuata hatua hizi.

1. Mbao ziwe kavu kabisa. Mbao mbichi hutoa maji na kuibandua vanishi.

2. Ziba mashimo kwa puti. Subiri ikauke.

3. Piga msasa kufuata nyuzi za mbao. Anza namba 120, kisha 180, kisha 240. Usiruke namba. Mikwaruzo ya msasa mkali huonekana zaidi baada ya kung'aa. Vaa barakoa ya vumbi.

4. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Acha pakauke. Usiguse tena kwa mikono yenye mafuta.

5. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kupuliza, ili vumbi lilale. Banda la udongo linahitaji hili kuliko lolote.

6. Changanya rangi na thina kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Chuja kwa kitambaa cha nailoni. Chembe moja tu inaweza kuziba bomba na kuharibu mlango mzima.

7. Weka upepo kiasi, kwa kawaida baa 2 hadi 3, yaani karibu paundi 30 hadi 43 kwenye saa ya mashine. Upepo mkali kupita kiasi hautengenezi mng'ao. Unarusha rangi hewani, ikaingia mapafuni mwako badala ya kukaa kitandani. Umepoteza rangi na afya pamoja.

8. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao. Kisha shika bomba shubiri moja kutoka kwenye mbao, yaani sentimita 15 hadi 20. Lielekeze sawa, bila kuliinamisha. Usizungushe kiwiko kama mtu apungaye mkono. Mkono wote utembee sambamba na mbao. Anza kutembea kabla ya kubonyeza, na achia kabla ya kusimama. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia.

9. Puliza safu nyembamba. Safu tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Kati ya safu na safu, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Safu ya kwanza ikikauka, pitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi, kisha futa vumbi.

10. Ukitaka mng'ao wa kioo, acha kazi ikauke siku kadhaa. Kisha sugua polepole kwa msasa wa maji namba 1000, 1500, na mwisho 2000. Maji yawe na sabuni kidogo. Kazi itafifia, lakini usiogope. Sasa ipake dawa ya kung'arishia na uisugue kwa kitambaa laini. Mng'ao utatokea.

Chagua pia saa na majira. Puliza asubuhi, umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali na upepo haujaanza kuvuma. Siku ya mvua acha kupuliza vanishi.

KASORO NA SABABU ZAKE

Machozi: rangi inateremka kama machozi. Umekaribia mno, au umepuliza nene. Acha ikauke, piga msasa, rudia.

Ganda la chungwa: uso una vishimo kama chungwa. Rangi ni nzito, au jua ni kali na thina inaruka kabla rangi haijatulia.

Macho ya samaki: vishimo vya duara vinavyoikataa rangi. Pana mafuta. Huenda ni mafuta ya mikono, au yametoka kwenye mashine ya upepo. Safisha upya.

Weupe kama ukungu: unyevu wa hewa umenaswa ndani ya vanishi. Hutokea sana masika. Subiri siku kavu.

Vijipele vya vumbi: banda halikunyunyizwa maji, au kuku wamepita. Fukuza kuku.

RISASI NA WATOTO

Rangi nyingine zina madini ya risasi, hasa zile angavu za manjano na nyekundu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Akili yake hudumaa, asiweze kujifunza vizuri shuleni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kwa rangi ni sehemu 90 tu katika kila sehemu milioni moja.

Nunua rangi yenye alama ya Shirika la Viwango, TBS. Muulize muuzaji kama ina risasi. Usipige msasa mkavu kwenye rangi kuukuu. Ilowe kwanza kwa maji, ili vumbi lisiruke. Usirudi nyumbani na nguo za kazi ukambeba mtoto. Oga, badili nguo, ndipo umpakate. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Na jambo kubwa: usiweke thina katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma. Anaijua soda. Weka thina katika kopo lake, lifunge, liandike, lifungie juu.

HUDUMA YA KWANZA

Mtu akizidiwa na mvuke, mtoe nje penye hewa. Mlegeze nguo na mlaze ubavu. Rangi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Ikimwagikia ngozi, vua nguo yenye rangi, osha kwa sabuni na maji.

Mtu akinywa thina, usimtapishe. Akitapika, thina inaweza kuingia mapafuni na kumuua. Usimpe maziwa wala mafuta. Mpeleke zahanati au hospitali mara moja. Chukua na kopo lenyewe, mganga asome. Hali ikiwa mbaya, mganga ataamua kama apelekwe hospitali ya wilaya Nzega au hospitali ya mkoa ya Kitete, Tabora.

HAKI YA MFANYAKAZI

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Mwenye karakana anayeajiri vijana hana budi kuwapa barakoa. Si hisani, ni wajibu. Kijana akisema kifua kinambana, asiitwe mvivu. Apumzishwe, apelekwe akapimwe.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia wananchi katika vikundi vya kujifunza, vijijini kote. Walijifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kufukia mazalia ya mbu. Adui wa leo karakanani haonekani kama mbu. Lakini anazuiwa kwa njia ile ile: kumjua, na kutenda pamoja. Mafundi wanne wakichanga, wanaweza kujenga banda moja zuri la kupulizia na kununua vichujio kwa pamoja.

Kitanda kikichubuka, kinapigwa msasa na kupulizwa upya. Pafu likichubuka, hakuna msasa wake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini maziwa hayawezi kuosha mapafu?

2. Kitambaa, barakoa ya vumbi na barakoa ya vichujio: ipi inafaa kwa kazi ipi?

3. Nendeni mkaangalie karakana moja ya jirani. Jiko liko wapi? Watoto huchezea wapi? Thina imewekwa katika chombo gani?

4. Kikundi chenu kifanye nini mwezi huu ili mafundi wapulize kwa usalama?